Vilima Viwili vya Doubs: Juu ya Kuchora Hesabu Zilizopangwa kwa Makundi

Si mara nyingi sisi walimu wa lugha huombwa kuamua jambo la hisabati. Siku moja mwenzetu afundishaye somo hilo alitujia katika chumba cha walimu, kitabu mkononi, akatuuliza: mchoro huu uitwao histogramu, mbona hamjaupatia jina la Kiswahili? Tuliutazama, tukaona nguzo zimesimama juu ya mstari, tukamjibu pasi na kufikiri kwamba jina lipo tangu zamani, nalo ni grafu ya nguzo. "Hapana, mwalimu," alisema kwa upole, "nguzo za grafu ile zimeachana, na hizi zimegusana." Tukadhani ni suala la mapambo tu. Ilitubidi kusoma kwa miezi kadhaa ndipo tulipofahamu kwamba katika kule kugusana ndimo lilimo jambo lote, na kwamba wataalamu wakubwa kuliko sisi waliwahi kujikwaa papo hapo.

Tuanze na jambo lenyewe. Mtu akihesabu mifugo ya kijiji, atapata ng'ombe kadhaa, mbuzi kadhaa, na kondoo kadhaa. Akitaka kuchora hesabu yake, atasimamisha nguzo moja kwa kila aina, na hakuna atakayemlaumu akiwatanguliza mbuzi mbele ya ng'ombe. Aina hizo zimetengana zenyewe. Mhesabuji amezikuta hivyo. Lakini urefu wa mtu, au umri wake, au mvua inyeshayo kwa mwaka, si vitu vilivyotengana. Baina ya sentimita 165 na 166 hakuna ufa wala mto wa kuvuka. Mwenye kuhesabu watu elfu kwa urefu wao hana budi kulikata lile lisilokatika: ataweka mpaka hapa na mpaka pale, na wote walioangukia katikati atawaita kundi moja. Nguzo za makundi hayo hugusana kwa kuwa kundi moja linapokwisha ndipo jingine linapoanzia. Ama mipaka, hiyo ni kazi ya mkono wa mtu. Haikutoka kwa waliopimwa.

Neno letu takwimu lina asili ya Kiarabu, ambako hutumika kwa maana ya kalenda. Na jedwali, ambalo kwetu ni safu za tarakimu zilizopangwa, katika Kiarabu ni pia kijito au mfereji mdogo wa maji. Twaupenda mfano huo wa mfereji. Maji hufuata njia iliyochimbwa, wala hayasemi ni nani aliyeichimba.

Jedwali la namna hii lililo mashuhuri kupita mengine ya kale lilitungwa London, katika kitabu cha mwaka 1662, na John Graunt, mfanyabiashara wa vifaa vya nguo ambaye hakuwa mwanachuoni wa Chuo Kikuu chochote. Mji ule ulikuwa ukitoa kila juma orodha ya waliokufa na maradhi yaliyowaua. Orodha hizo hazikuonyesha umri wa marehemu; umri haukuingizwa humo mpaka mwaka 1728. Graunt akachukua maradhi yaliyojulikana kuwa ni ya watoto wachanga na yale ya wazee, akakisia yaliyobaki, akasema: katika watu 100, 36 hufa kabla ya kutimiza miaka sita, 24 hufa katika miaka kumi inayofuata, kisha 15, 9, 6, 4, 3, 2 na 1, kila idadi kwa miaka yake kumi. Ukijumlisha utapata 100 kamili.

Yeye hakuchora. Lakini mpe mwanafunzi wa leo tarakimu hizo, na mara nyingi atasimamisha nguzo ya kwanza yenye kimo cha 36 na ya pili yenye kimo cha 24, afurahie kazi yake. Amekosea. Kundi la kwanza lina upana wa miaka sita tu, hali makundi mengine yana miaka kumi kumi. Ukigawanya 36 kwa sita utapata vifo sita kwa kila mwaka wa umri. Ukigawanya 24 kwa kumi utapata 2.4. Kwa hiyo nguzo ya watoto yapasa iwe ndefu kuliko ya jirani yake mara mbili na nusu, si mara moja na nusu kama mwanafunzi alivyoichora. Ndiyo maana wenye somo hili husema kwamba katika histogramu kinachosoma idadi ni eneo la nguzo zima, yaani upana mara kimo, wala si kimo peke yake. Mwanafunzi aliyekosea kanuni hiyo amepunguza vifo vya watoto wa London zaidi ya theluthi moja machoni pa mtazamaji, ingawa hakubadilisha tarakimu hata moja.

Uchoraji wenyewe wa takwimu za biashara na uchumi ulianza kwa nguvu mwaka 1786, Mskoti William Playfair alipotoa kitabu chake cha michoro ya biashara ya Uingereza. Humo mna mistari ipandayo na kushuka kwa miaka, na mna mchoro mmoja wa nguzo, unaoonyesha bidhaa zilizoingia na kutoka Scotland, kwa nchi 17, kati ya Krismasi ya 1780 na Krismasi ya 1781. Playfair alitumia nguzo kwa kuwa hakuwa na hesabu za miaka mingi za kumwezesha kuchora mstari. Mwaka 1801 akaongeza mchoro wa duara uliokatwa vipande kama mkate. Michoro yake yote ilikuwa ya vitu vyenye majina, au ya miaka iliyofuatana. Watu walikuwa bado hawajakatwa kwa sentimita.

Kazi hiyo ilimngoja Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwanafalaki aliyeongoza kituo cha kutazamia nyota cha Brussels. Wanafalaki walikuwa wameshajua kwamba mtu akipima mahali pa nyota mara nyingi, vipimo vyake havitalingana: vingi vitakusanyika katikati, na vichache vitatawanyika kushoto na kulia kwa kadiri inayolingana, mfano wa kengele iliyofunikwa. Quetelet akauchukua umbo ule wa makosa ya kupima nyota akawavika binadamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1846 alitumia vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Scotland, vilivyokuwa vimechapishwa katika jarida la uganga la Edinburgh mwaka 1817. Askari watatu tu walikuwa na kifua cha inchi 33. Wa inchi 36 walikuwa 185. Wa inchi 38, 749. Wa inchi 39, 1,073. Wa inchi 40, 1,079. Kuanzia hapo hesabu hushuka: 934, 658, 370, hata kufikia askari mmoja mwenye inchi 48. Kilima kimoja, kilele kimoja. Quetelet akaona kana kwamba Maumbile yalikusudia kuumba kifua kimoja cha inchi 40 hivi, yakakosea kidogo huku na huku mara elfu kadhaa.

Tusimcheke upesi, maana kwa njia hiyo hiyo aligundua jambo ambalo wakuu wa jeshi la Ufaransa hawakuliona. Alitazama vipimo vya vijana 100,000 walioitwa jeshini. Sheria iliwaachilia waliopungukiwa na kimo cha mita 1.57. Kilima cha hesabu kilionyesha ni wangapi walitazamiwa kuwa wafupi kiasi hicho, na orodha ikaonyesha zaidi ya hao kwa watu kama 2,000. Na juu kidogo ya mpaka, watu wakapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Basi ilidhihirika kwamba vijana wapatao 2,000, kwa kukunja magoti au kwa kupatana na mpimaji, walikuwa wamejifupisha wasiende vitani. Mpaka uliowekwa na sheria uliwavuta watu wakavuka kwenda upande wa pili. Twakiri kwamba sehemu hii ya historia hutupendeza, na wanafunzi wetu pia. Kuna akili nyingi katika goti lililokunjwa sentimita moja.

Lakini iwapo kilima kimoja ni ishara ya watu wa aina moja, vilima viwili ni ishara ya nini? Swali hilo ndilo lililotupeleka Doubs.

Doubs ni mkoa wa mashariki ya Ufaransa, unaopakana na Uswisi, na mji wake mkuu ni Besançon. Mnamo mwaka 1863 daktari na mwanatakwimu Louis-Adolphe Bertillon alizishughulikia hesabu za urefu wa vijana wa mkoa huo walioitwa jeshini. (Mwanawe, Alphonse, ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa kuwatambua wahalifu kwa kupima viungo vyao, ilikuwa nyumba ya watu wa kupimapima.) Bertillon alipopanga vijana wale kwa makundi, hakuona kengele ya Quetelet. Aliona vilele viwili, na baina yao bonde. Akatafuta sababu katika historia, na historia haikumnyima. Nchi ile ilikaliwa zamani na Waselti, kisha katika karne ya 5 wakaingia Waburgundi, watu wa asili ya Kijerumani waliosifika kwa urefu. Kwa hiyo, alisema, katika Doubs mngali na mbari mbili ambazo damu yao haijachanganyika sawasawa, ingawa wameishi pamoja zaidi ya miaka elfu moja. Kilele kimoja ni cha Waselti na kingine ni cha Waburgundi.

Hoja hiyo ilipokewa vema. Wenzake waliinukuu kama mfano bora wa nguvu ya takwimu: jambo lililofichika machoni pa wanahistoria limefichuliwa na mchoro. Wala haikuwa hoja ya kipumbavu kwa namna ilivyojengwa. Hata mwanahisabati Karl Pearson wa London, mwaka 1894, alitunga njia ya kukipasua kilima kilichopinda ili kuona kama ndani yake mna vilima viwili, akaijaribu kwa vipimo vya kaa 1,000 wa ghuba ya Naples waliokuwa wamepimwa na rafiki yake Weldon. Vilima viwili vyaweza kweli kuwa makundi mawili. Ilibaki tu kuhakikisha kwamba vilima vyenyewe vipo.

Aliyehakikisha alikuwa daktari wa jeshi la Italia, Ridolfo Livi. Huyu alikuwa amesimamia vipimo vya askari wa nchi yake wapatao 300,000, na mtu aliyeshika daftari nyingi kiasi hicho hujua mambo ambayo mtu wa kusoma vitabu tu hayajui. Katika miaka ya 1890 Livi alionyesha kwamba bonde la Doubs halikuchimbwa na Waburgundi. Lilichimbwa na hesabu ya kubadilisha vipimo, baina ya sentimita na inchi za kale za Kifaransa. Sheria ya Ufaransa ilikuwa imelazimisha mita itumike peke yake tangu mwaka 1840, lakini inchi ilikuwa ingali vichwani mwa watu.

Tulipolisoma jambo hili hatukuliamini mpaka tulipolifanyia hesabu kwa mkono wetu, na twamwomba msomaji achukue penseli afanye vivyo hivyo. Inchi ya kale ya Kifaransa ilikuwa na sentimita 2.707. Tuseme watu wamepimwa kwa sentimita kamili, bila vipande, nasi twataka kuwapanga kwa inchi. Inchi ya 60, yaani futi tano, huanzia sentimita 162.4 na kuishia 165.1, basi ndani yake mna sentimita kamili tatu: 163, 164 na 165. Inchi ya 61 huishia 167.8; ndani yake mna mbili tu: 166 na 167. Inchi ya 62 huishia 170.5, nayo ina tatu tena: 168, 169 na 170. Sasa tuchukue mfano wa kubuni, kwamba kila sentimita ina vijana 100, hakuna kilima wala bonde popote, ni uwanda mtupu. Inchi ya 60 itapata vijana 300, ya 61 itapata 200, na ya 62 itapata 300. Tazama! Vilele viwili na bonde katikati, na hakuna aliyevuka mto wowote. Na kwa kuwa urefu wa wastani wa vijana wa Ufaransa ya siku zile ulikuwa karibu na sentimita 165, bonde hilo huangukia karibu na palepale ambapo kilele kimoja cha haki kingesimama, likakipasua vipande viwili.

Waselti wale na Waburgundi wale, basi, walikuwa ni sentimita tatu na sentimita mbili.

Tuliporudi kwa mwenzetu wa hisabati na habari hii, alituonyesha kwamba kosa lilikuwa lile lile la mwanafunzi aliyechora jedwali la Graunt. Makundi yalidhaniwa kuwa na upana sawa, nayo hayakuwa sawa. Laiti idadi ya kila kundi ingaligawanywa kwa sentimita zilizomo, 300 kwa tatu na 200 kwa mbili, nguzo zote katika mfano wetu zingalikuwa na kimo cha 100. Neno histogramu lenyewe lilitungwa na Pearson, aliyelitumia katika mihadhara yake ya London mwaka 1891 na kulichapisha mwaka 1895. Yaani kanuni ya eneo ilipata jina lake katika miaka ile ile ambayo Livi alikuwa akiwaondoa Waburgundi katika daftari za Doubs.

Msomaji aweza kuuliza Doubs inatuhusu nini sisi. Katika nchi zetu pia makundi yamekatwa na wahesabuji, na kwa ukataji huo twajulikana. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 katika Kenya, Uganda na Tanganyika iliwagawa Waafrika kwa makundi machache tu mapana ya umri, kwa sababu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Walijua kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au vita vilipopita. Hata katika hesabu za baadaye, zilizouliza umri wa kila mtu mwaka kwa mwaka, mchoro wake hauonekani kama mteremko bali kama kitana: jino refu penye 30, jino refu penye 40, penye 50, na mapengo penye 31, 39 na 41. Watu hawakuzaliwa hivyo. Walikadiria, au karani aliwakadiria, na makadirio hupenda tarakimu ya sifuri na ya tano. Wachapishaji huweka makundi ya miaka mitano mitano, na kitana hugeuka kilima laini. Huo ni msaada, kwani mtu hupata kuona umbo la umma mzima. Lakini pia ni shuka iliyotandikwa juu ya godoro lenye mashimo.

Kuna jambo jingine, zito zaidi, ambalo twaligusa kwa tahadhari. Kipimo cha urefu kilifika pia Ruanda-Urundi. Wazungu wa zama za ukoloni walipima vimo na pua za watu wa huko, wakiamini, kama Bertillon alivyoamini, kwamba katika vimo watasoma mbari na safari za kale. Na bado mwaka 1954 Mbelgiji Jean Hiernaux alichapisha kitabu kizima juu ya sifa za kimwili za watu wa nchi hizo. Hatusemi kwamba mchoro ndio uliozaa chuki; chuki ina wazazi wengi, na siasa ni mmojawapo. Twasema hivi tu: hata pale ambapo wastani za makundi mawili ya watu hutofautiana kweli, vilima vyao hupishana, na katika mpishano huo wamo watu wengi ambao hakuna kipimo kiwezacho kusema ni wa upande upi. Mchoro mwaminifu huuonyesha mpishano huo. Kadi ya kitambulisho haiuonyeshi. Katika Rwanda, utawala wa Wabelgiji ulianza kuandika kabila katika kadi za watu katika miaka ya 1930, neno moja kwa kila mtu, na kadi za namna hiyo zilidumu hata mwaka 1994, zilipoulizwa njiani penye vizuizi wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ziliondolewa baadaye.

Ama lile jina tuliloombwa, tumeshindwa kulipata. Tulijaribu "nguzo pandane", tukaona linanuka kamusi. Tulijaribu "grafu ya maeneo", wanafunzi wakadhani ni ramani. Tumekubaliana na mwenzetu kwamba libaki histogramu, kama vile kalamu na shule zilivyobaki. Badala ya jina, yeye ameanzisha zoezi ambalo sasa hulifanya kila mwaka, nasi tumepata ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa lake siku hiyo. Wanafunzi hupimana urefu kwa sentimita, ukutani, wakiwa wamevua viatu. Kisha nusu ya darasa huchora kwa makundi ya sentimita tano tano kuanzia 140, na nusu nyingine kwa makundi ya sita sita kuanzia 138. Michoro miwili hubandikwa ubaoni pamoja, na mwalimu huuliza swali moja tu: katika hii miwili, ni upi uliotuchora sisi? Mara ya mwisho mabishano yalipita kengele ya mapumziko.